Kabla ya Kumlaumu Mtu, Iulize Baridi

Nakumbuka Alhamisi moja ya mwezi wa sita, siku ya gulio, niliposimama katikati ya watu na chupa ya asali mkononi. Niliigeuza juu chini na asali haikumwagika. Nikainyanyua ili hata waliokuwa kule kwenye viazi waione. Kisha nikasema neno ambalo, mwanangu, kama maneno yangekuwa yanaokoteka, ningerudi leo hii kuliokota kwa magoti.

Jana umenionyesha simu yako. Kijana mmoja kwenye video anachokora kwa kijiko kopo la asali iliyoganda, anapaza sauti: "Tapeli huyu, jihadharini, sukari tupu!" Na uso wa mama aliyemuuzia unaonekana wazi, mpaka kovu la shavuni. Ukaniuliza kama uitume kwenye kundi la walimu wenzako. Nikakuambia weka simu chini kwanza, ule ugali. Sikukujibu kwa sababu jibu lenyewe ni refu, na mimi nikianza jambo refu nimeshika tonge, mboga inapoa. Leo nimeshiba. Tena umesema Jumatatu unaanza kuwafundisha darasa la tano habari za maada, yaani yabisi, kimiminika na gesi, na jinsi joto na baridi vinavyozigeuza. Basi kaa hapa karibu na jiko, maana maswali yako yote mawili yana jibu moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili kazini. Nilizaliwa jirani na Tosamaganga, nikasomea ualimu, nikapangiwa shule moja milimani upande wa Mbeya, kwenye viazi na pareto, ambako asubuhi ya mwezi wa sita sakitu inalala juu ya majani utadhani mtu amemwaga chumvi. Nilijidai mtu wa Iringa naijua baridi. Baridi ya kule ilinicheka. Nikiwaamkia wazazi "Kamwene," salamu yetu ya Kihehe, watoto wanacheka, nami nacheka nao. Niliipenda kazi yangu, sikatai. Ila nikiwa mkweli, nilichopenda zaidi ni kuonekana najua.

Sasa, gulioni pale alikuwa anakuja mama mmoja kutoka Chunya, kila baada ya wiki mbili, amepanda lori na ndoo zake mbili za asali. Alikuwa anaitwa Mama Zawadi. Kaka zake walikuwa wametundika mizinga kwenye misitu ya miombo kule chini kwenye joto. Wao wanarina, yeye anabeba na kuuza. Alikuwa mwembamba, ana sauti ndogo, haiti wateja hata siku moja. Anafunua ndoo tu, anakaa. Chema chajiuza, wanasema, na kweli asali yake ilikuwa inajiuza. Mimi nilinunua chupa ya jamu nzima mwezi wa nne, asali nyekundu, ukiinua kijiko inashuka kama uzi. Nikaisifu ofisini mpaka walimu wote wakanunua.

Mwezi wa sita ukaingia na baridi yake. Asali ikaanza kuwa nyeupe kwa chini, ukungu ukapanda taratibu, na siku moja nilipochovya kijiko kikasimama chenyewe. Ilikuwa chenga chenga, kama sukari iliyolowa. Walimu wenzangu nao ikawa hivyohivyo, wakaanza kunitazama. "Mwalimu, asali yako hiyo," wakasema. Sikia vizuri hapo: asali yako. Walipokuwa wanailamba mwezi wa nne ilikuwa ya Mama Zawadi. Na pale kijijini kila mtu alikuwa anajua kwamba asali ikiganda imetiwa sukari. Ukimuuliza nani kakwambia, hana wa kumtaja. Nami sikumuuliza mtu. Nilikuwa na aibu yangu, nikatafuta mtu wa kumvisha.

Ndiyo nikaenda gulioni na ile chupa.

"Mama, humu umetia sukari kilo ngapi?"

Alinitazama kwanza, akadhani natania. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kumi na zaidi, ila alikuwa anawaamkia walimu wote. Nami sikuitikia.

"Nimekuuliza sukari."

"Mwalimu, mi sijatia kitu humo. Kaka zangu wanarina, mi nabeba tu. Onja ya leo basi."

"Ya leo utasema haijaganda. Hii je?" Ndipo nikaigeuza chupa juu chini, nikaiinua. "Jamani, tazameni! Asali gani hii haimwagiki? Tumeuziwa sukari!"

Mwanangu, penye wengi hapaharibiki neno, lakini siku ile liliharibika palepale penye wengi. Wanawake wakaanza kucheka, mmoja akakimbia nyumbani kuleta chupa yake, mwingine akafuata. Mzee wa gulio akaja, akatazama chupa tatu nne, akamwambia Mama Zawadi afunike ndoo zake na asirudi. Hakubishana. Alifunga vifuniko, akafunga na kanga yake vizuri, akaenda kukaa barabarani kungoja lori. Mimi nilirudi nyumbani natembea kama askari aliyekamata mwizi.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba wiki ileile, siku tatu kabla, nilikuwa nimefundisha hiyo mada yako. Nilichora visanduku vitatu ubaoni. Tuliimba: yabisi ina umbo lake, kimiminika hufuata chombo, gesi hujaza nafasi yote! Nikatoa zoezi, na karibu darasa zima wakapata kumi kwa kumi. Wote tulikuwa tunajua, na wote tulikuwa hatujui kitu.

Kesho yake, Ijumaa, akasimama msichana mmoja wa dawati la nyuma, Atupele. Mtoto huyo alikuwa na maswali mengi mpaka mama yake alishaniomba radhi mara mbili. Akasema, "Mwalimu, samahani. Asali ni yabisi ama ni kimiminika?"

"Kimiminika. Tumeandika."

"Lakini ile ya kwako jana haikumwagika. Mi nilikuwepo."

Darasa likacheka. "Ile ni sukari," nikamwambia. "Kaa chini."

Akakaa. Lakini alikaa kama mtu anayengoja, si kama mtu aliyejibiwa, na ukishafundisha miaka kadhaa utaijua tofauti. Kuuliza si ujinga. Mjinga siku ile alikuwa ameshika chaki.

Jumamosi nikashuka Mbeya mjini kununua chaki na mafuta ya kujipaka, maana baridi ilikuwa imenipasua miguu. Kulikuwa na duka la mzee mmoja wa Kihindi, Babu Jayanti, aliyezaliwa mjini palepale na kuuza palepale. Nilimkuta amekaa mlangoni juani, amejifunga skafu, na pembeni yake kwenye ngazi amepanga chupa za mafuta ya nazi mstari mmoja, kama watoto wanaoota jua. Mbele yake dada mmoja anafoka, ameshika chupa ambayo mafuta yake yalikuwa meupe na magumu.

"Babu, mmechanganya na mshumaa humu! Nirudishie hela yangu!"

Babu Jayanti hakukasirika hata kidogo. Akaipokea chupa, akaiweka juani na wenzake, akampa dada yule kigoda. "Kaa, binti. Kunywa chai. Ukimaliza kikombe tutaongea habari ya mshumaa." Yule dada akakaa kwa hasira, akanywa chai kwa hasira. Kikombe kikaenda cha kwanza, kikaenda cha pili. Pembezoni mwa chupa pakaanza kung'aa, donge jeupe likaanza kuelea, likapungua. Mwisho Babu akaitikisa sikioni mwake, akamkabidhi. Maji matupu. Dada akaondoka bila kuaga, anacheka peke yake.

Babu akanigeukia mimi. "Umeona, Mwalimu? Kila mwaka ni hivi. Mwezi wa sita mimi mwizi. Mwezi wa kumi mimi mtu mwema. Na mafuta ni yaleyale."

Nilicheka mwanzoni. Kisha nikaikumbuka ile chupa ya gulioni, mwanangu. Nikamweleza habari ya asali, kwa sauti ya kupunguza kosa, unajua tunavyosimulia makosa yetu. Aliniacha nimalize.

"Unafundisha nini wewe?"

"Sayansi, Babu."

"Nyumbani kwako una maji ya moto?"

"Ninayo."

"Chupa ya asali ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Basi ulikosa nini?"

Hakuniita mjinga, hakunipandishia sauti, na laiti angenipandishia ningepata la kumjibia. Nimesemwa na wakubwa wengi maishani, mama yangu akiwa wa kwanza, ila maneno yale matatu nimezeeka nayo. Nilichokikosa ni subira ya vikombe viwili vya chai.

Jumatatu niliingia darasani bila chaki. Nilichukua ile chupa ya jamu, sufuria na maji ya moto ya kiasi cha kuvumilika kwa kidole, maana asali ukiichemsha unaiharibu. Nikamwita Atupele mbele. "Ijumaa uliniuliza swali, nikakwambia kaa chini. Leo nimekaa mimi. Tuangalie wote."

Tukaiweka chupa ndani ya sufuria. Dakika ya tano, hakuna kitu. Dakika ya kumi, hakuna kitu, na watoto wameanza kusukumana. Maji yakapoa, tukabadilisha. Kisha Atupele akasema kwa sauti ya chini, "Huku pembeni pameanza kuwa pekundu." Darasa zima likanyanyuka. Kipindi cha pili kilipoisha, kijiko kilichokuwa kimesimama kikalala chenyewe, na Atupele akakiinua, uzi mwekundu ukashuka. Tukalamba wote, kidole kimoja kimoja. Ilikuwa asali, ileile ya mwezi wa nne.

"Kwa hiyo sukari imekwenda wapi?" akauliza mmoja.

Nikawaambia ukweli ambao nilikuwa nimeusoma chuoni na kuusahau. Sukari imo kweli. Imo tangu mwanzo, ila aliyeitia ni nyuki. Baridi ikija, sukari hiyo ya maua inajikusanya na kushikana chenga chenga, na joto likirudi inaachana tena. Nikawapa mfano wa blanketi. Si mnalala watatu blanketi moja? Baridi ikizidi mnabanana mpaka hampitishi hewa, joto likizidi kila mmoja anatupa mguu upande wake. Chembe za vitu nazo ni hivyohivyo. Zikipoa zinasogeleana, zikipata joto zinaachiana nafasi, na joto likizidi sana zinatoka nje ya blanketi kabisa. Ndiyo mvuke unaouona juu ya sufuria.

Ningejua nimefungua mlango gani, labda ningeufungua mapema zaidi. Wiki ile hapakuwa na darasa, palikuwa na soko. Mmoja kaleta samli ya bibi yake, mwingine kipande cha mshumaa. Watatu walikusanya sakitu kwenye sahani na kunililia kwamba imekwisha njiani. Jioni walikuwa wanabaki nyuma makusudi kusikiliza bati la darasa likilia ka! ka! jua linaposhuka. Nyumbani walikuwa wameambiwa ni vitu vya watu wabaya vinatembea darini. Ipyana, nahodha wetu wa mpira, akaweka kiganja ukutani akasema, "Bati lilitanuka mchana. Sasa linasinyaa, misumari inalibana." Akasema kwa utulivu wa fundi. Siku ile watoto wa darasa la tano walikwenda nyumbani gizagiza bila kukimbia.

Ila Atupele hakuishia hapo. Aliinua mkono. "Mwalimu, na gesi? Upepo nao ukipoa unasogeleana?"

"Unasogeleana."

"Hata ndani ya mpira?"

Nikajua anakokwenda, nikatamani kengele ilie. Mwezi mmoja kabla, tulikuwa tumejaza mpira wa shule upepo mchana wa jua kali, ukawa mgumu kama jiwe. Asubuhi yake, siku ya mechi, tukaukuta umelegea. Ipyana ndiye aliyelala nao kwao. Mimi, yuleyule wa gulioni, nilisema ameutoa upepo kwa makusudi au ameuchezea usiku, nikampa adhabu ya kuchota maji ya walimu wiki nzima. Na yeye alikuwa ameapa, kama Mama Zawadi alivyosema hajatia kitu.

Tukauleta mpira. Asubuhi ulikuwa unabonyea. Tukauacha juani hadi saa nane bila mtu kuuongeza pumzi hata moja, Ipyana akaubonyeza mwenyewe mbele ya wenzake, ukakataa kubonyea. Akanitazama. Na mimi mbele ya darasa nikamwambia, "Nisamehe, Ipyana." Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Yule mtoto alitabasamu mpaka masikio yakasogea.

Lakini kumwomba radhi mtoto ilikuwa rahisi. Alhamisi ya gulio ikafika, Mama Zawadi hayupo. Ikafika nyingine, hayupo. Likizo ya mwezi wa sita ilipoanza nikafunga safari ya Chunya. Nilibeba chupa ya asali ya mwalimu mwenzangu, ikiwa bado imeganda, na chupa ya mafuta ya nazi ya Babu Jayanti kuwa zawadi. Nilipopanda gari asubuhi mafuta yalikuwa jiwe. Tuliteremka milima, vumbi likaanza, nikavua sweta, nikavua na skafu, na kila nilipochungulia mfukoni chupa ile ilikuwa imelainika kidogo zaidi. Nilikuwa na hofu ya kule ninakokwenda, lakini sikuacha kuchungulia. Watoto walikuwa wameshaniambukiza.

Nilimkuta Mama Zawadi anapepeta mtama uani kwake. Aliponiona hakuinuka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, na nikampa chupa. Akaitikisa, mafuta yakacheza.

"Mwalimu," akasema, "umenifuata mpaka huku kuniletea maji?"

Nikamwambia asubuhi yalikuwa magumu kama mshumaa. Akaiweka chupa chini. "Na mimi nikisimama hapa nje nikaita watu, nikawaambia mwalimu ni tapeli, utajitetea na nini?"

Nililia, mwanangu. Sioni haya kukuambia.

Ndipo akanieleza nilichofanya. Mimi nilidhani nimemkosesha gulio moja. Kumbe maneno yalipanda lori lilelile, yakafika Chunya kabla ya ndoo zake. Kaka zake wakasikia kwamba asali yao imekutwa na sukari. Wao asali yao haikai hata wiki, ikirinwa inauzwa, na kule chini hakuna baridi ya kuigandisha. Hawajawahi kuiona ikisimamisha kijiko. Wakajua sukari ipo, na kwa kuwa wao hawakuitia, basi kaitia dada yao njiani ili ndoo zijae. Wakamnyima asali. Kaka yake mkubwa alikuwa hapiti tena uani kwake, anazunguka nyuma ya zizi. Watu wa mlimani walimwona mwongo kwa sababu wanaijua asali iliyoganda, na ndugu zake wakamwona mwongo kwa sababu hawaijui.

Nikamwomba amwite kaka yake. Jioni ile akaja, mzee wa maneno machache, ana makovu ya moto na miiba mikononi. Hakuketi. Nikamwonyesha ile chupa ya mwalimu mwenzangu, nikaigeuza juu chini kama siku ile, na uso wake ukakunjamana. "Hiyo ndiyo sukari aliyotia," akasema.

"Nipe maji ya moto na muda wa kunywa chai, baba."

Alikataa chai, lakini hakuondoka. Tulikaa tukaitazama sufuria, sisi watatu. Nikabadilisha maji mara mbili. Ilipoanza kuwa nyekundu pembeni yule mzee akasogea. Ilipokwisha yeyuka akachovya kidole, akalamba, akafumba macho.

"Hii ni ya myombo," akasema. "Hii ni yetu." Kisha akaketi kwenye mkeka wa dada yake, karibu naye, akaomba ile chai.

Nilidhani yameisha. Asubuhi naaga, Mama Zawadi akanisindikiza mpaka barabarani. "Nimekusamehe, Mwalimu," akasema. "Ila gulioni sirudi. Ulilisema palepale mbele ya wote. Mpaka ulisahihishe palepale."

Kwenda Chunya kulikuwa safari. Kusimama gulioni ndiko kulikuwa mlima. Lakini Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa saba nilisimama, na Mama Zawadi kando yangu na ndoo zake, na Atupele ameshika sufuria, na Ipyana akichochea moto kwenye mafiga. Sakitu ilikuwa bado haijayeyuka kwenye nyasi. Nikasema, "Jamani, nilisema tumeuziwa sukari. Nilikosea. Sukari imo, na aliyeitia ni nyuki. Mwenye chupa iliyoganda ailete." Wakacheka, wakanizomea kidogo, na nilistahili. Lakini chupa zikaletwa. Watoto wangu wakaziyeyusha moja moja, wakiwaeleza mama zao na bibi zao habari ya blanketi, na mzee wa gulio akauliza maswali mengi kuliko Atupele. Mama Zawadi aliuza ndoo moja siku ile. Ya pili alirudi nayo.

Hapo ndipo ninapotaka ushike, mwanangu. Asali iliyeyuka kwa vipindi viwili. Jina la Mama Zawadi lilichukua miaka miwili. Mpaka naondoka shule ile kurudi Iringa, bado kulikuwa na watu wawili watatu waliokuwa wakinunua kwake na kusema kwa chini, "Ila aliwahi kusemwa." Maji yakimwagika hayazoleki, hata uyapashe moto namna gani. Na mimi nilikuwa na sauti yangu tu na gulio moja la mlimani. Wewe una simu.

Basi nakuusia. Jumatatu usianze na ubao. Anza na kitu kilichoganda na maji ya moto, uwaache watoto wangoje mpaka wachoke, maana maarifa mengi yako upande wa pili wa kuchoka kungoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Mtoto akiuliza swali linalokuaibisha, usimkalishe, kaa wewe. Wafundishe kwamba bati likilia, mpira ukilegea na asali ikiganda, kwanza tunaiuliza baridi ilikuwa kiasi gani, ndipo tuulize mtu alifanya nini. Sisemi wezi hawapo. Wapo, na asali ya sukari ipo. Kuganda tu si ushahidi, kama vile kutiririka nako si ushahidi. Pima kitu kwanza, kisha ndiyo mtu, na ukikosea mbele ya watu, tubu mbele ya watu haohao. Usimwendee mtu kwa siri na kitu ulichomvua hadharani.

Na ile video usiitume. Mtafute kijana aliyeirekodi, umwambie akaliweke kopo lake kwenye maji ya vuguvugu, anywe chai vikombe viwili. Halafu mwulize yule mama mwenye kovu anaitwa nani, maana umeuona uso wake na jina lake hulijui.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watoto wanaouliza, na akupe moyo usioogopa maswali yao. Mikono yako iwe na joto la kulainisha kilichoganda, na ulimi wako uchelewe kama asali ya mwezi wa sita. Na siku baridi itakapokushika wewe, watu wakaona umebadilika wasijue kwa nini, akupe mtu mmoja wa kukuweka juani na kukungoja.

Sasa nisogezee hiyo chupa yangu hapo dirishani. Naona imeanza kuwa nyeupe chini. Ni ya binti yake Mama Zawadi, bado wananiletea.